Ampu ya Valvu Inapogonga Kama Saa: Kutafuta Chanzo cha Kelele ya Tremolo

Ti, ti, ti, ti. Gitaa limechomolewa, hakuna anayepiga kitu, lakini spika inagonga kama saa ya ukutani. Ukizungusha nobu ya Speed, saa inakwenda mbio. Ukiirudisha, inatembea. Ukikanyaga swichi ya mguu kuzima tremolo, yaani ule mtikisiko wa sauti kupanda na kushuka, kimya kabisa.

Ampu (kikuza sauti cha gitaa) yenye ugonjwa huo niliipokea hapa Mtwara mjini mwishoni mwa masika, imeletwa na bajaji kutoka Mikindani ikiwa imeviringishwa kanga mbili. Ilikuwa Fender Deluxe Reverb ya paneli nyeusi, zile za miaka ya 1960. Mwenye nayo ni kijana anayepigia kwaya gitaa. Ameachiwa na mjomba wake, na kwa sisi watu wa huku kitu alichokuachia mjomba hukitupi wala hukiuzi ovyo.

"Shikamoo, fundi. Mjomba alikuwa akisema ugonjwa huu hauna dawa."

"Marahaba, mwanangu. Dawa ipo. Ila kwanza tuusikilize."

Kusikiliza ndiyo kazi yenyewe. Nimeona ampu nyingi za zamani zilizobadilishwa kepasita zote na valvu zote (zile taa za kioo zinazokuza sauti), mwenyewe amelipa, na mgongo, yaani huko kugonga, bado uko palepale. Mimi pia nilifanya hivyo nilipokuwa sijajua: nilimaliza wiki nzima nikibadilisha vifaa vizima, kumbe tatizo lilikuwa waya mmoja uliolala mahali pasipo pake. Kelele ya tremolo ina tabia, na tabia hiyo inakuambia inaingilia wapi kabla hujashika pasi ya risasi ya kuunganishia waya. Kwa hiyo maelezo haya nimeyapanga kwa kufuata kile unachokisikia.

Kabla hujafungua

Ndani ya Deluxe Reverb kuna umeme wa moja kwa moja unaopita volti 400. Kepasita kubwa za chujio, zinazolainisha umeme huo, zinaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Chomoa, subiri, kisha zimwage kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyofungwa waya wenye ganda zuri, mguu mmoja kwenye chasi (fremu ya chuma inayobeba vifaa) na mwingine kwenye kila kepasita. Halafu pima kwa mita. Usiguse chochote mpaka mita isome chini ya volti 10. Ukilazimika kupima ampu ikiwa inawaka, tumia mkono mmoja na mwingine uweke mfukoni, na usisimame kwenye sakafu yenye maji. Naliandika hili mwanzo kwa sababu fundi aliyezoea redio za transista, zenye volti 9 au 12, mkono wake haujajifunza kuogopa.

Usiiwashe bila spika. Transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Ampu nyingi za Marekani zinazofika huku zimetengenezwa kwa volti 117, nasi tuna 230, hivyo zinatumia transfoma ya kushushia. Hakikisha transfoma hiyo inapitisha waya wa ethi mpaka kwenye chasi, maana nyingi za bei nafuu haziupitishi. Na ukikuta ampu bado ina plagi ya zamani ya pini mbili pamoja na ile kepasita inayotoka kwenye waya wa umeme kwenda chasi, toa kepasita hiyo na ufunge waya wenye ethi. Kepasita hiyo ikipasuka ndani, chasi nzima inaweza kuwa na umeme, na mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma zilizoungwa na chasi hiyo.

Jina nalo linachanganya watu. Fender waliandika Vibrato kwenye paneli za ampu zao, lakini kinachofanyika humo ni tremolo: sauti kupanda na kushuka ukubwa, si kupinda noti. Na ile chuma ya kupindia noti kwenye gitaa la Stratocaster, waliiita tremolo. Kwa hiyo mtu akikuambia vibrato yake inagonga, usibishane naye. Mnaongelea kitu kimoja.

Tremolo iko ya aina gani?

Huwezi kutibu kabla hujajua mashine iliyo mbele yako, kwa kuwa ampu za valvu hazitengenezi tremolo kwa njia moja.

Njia ya kwanza ndiyo ya Deluxe Reverb, Twin Reverb na Super Reverb za paneli nyeusi. Valvu moja ya 12AX7, ya tano ukihesabu kutoka upande wa tundu la gitaa, inazalisha mawimbi ya polepole. Nusu ya valvu hiyo inawasha na kuzima kitaa kidogo cha neoni. Kitaa kimefungwa pamoja na fotoseli (rezista inayobadilika kwa mwanga) ndani ya kifuko cheusi chenye miguu minne, kinachofanana na mende aliyekauka. Neoni ikiwaka, fotoseli inalegea na kumwaga sehemu ya sauti kwenye ethi. Ikizima, sauti inarudi.

Njia ya pili, utakayoikuta kwenye Princeton Reverb na ampu nyingi ndogo, haina neoni. Mawimbi yanapelekwa moja kwa moja kwenye bayasi (volti inayoamua valvu ivute mkondo kiasi gani) ya valvu za kutolea nguvu, zikawa zinasinzia na kuamka.

Vibro Champ ina njia yake: valvu ya kutolea nguvu ni moja tu, na tremolo inasukuma kathodi (sehemu inayotoa elektroni) ya valvu ya mbele.

Kujua njia ni rahisi. Tafuta kile kifuko cheusi. Kikiwepo, unashughulika na neoni, na mgongo mkali wa ti-ti-ti ni ugonjwa wake wa asili. Kisipokuwepo, kelele utakayoisikia mara nyingi ni pum-pum nzito ya chini, na dawa yake ni tofauti kabisa.

Kwa nini neoni inagonga

Chukua tesita yako ya kupimia umeme, ile bisibisi yenye kitaa chekundu ndani. Kitaa hicho ni neoni. Umeona kinavyowaka? Hakianzi kidogokidogo kama balbu ya waya. Volti zikifika kiwango chake, kinaruka ghafla kutoka giza hadi mwanga, na mkondo wa umeme nao unaruka nacho. Ndani ya ampu mruko huo unatokea kwenye kila wimbi la tremolo, mara kama 3 hadi 10 kwa sekunde. Waya zinazoupeleka zinatupa mshtuko mdogo hewani, kama jirani anayegonga nyundo: hakugusi wewe, ila unamsikia.

Pembeni mwa waya hizo zinapita waya za gridi (mlango wa kuingilia sauti) za valvu za mbele, ambazo kazi yao ni kukuza kitu kidogo kama pumzi. Gridi inauchukua mshtuko, valvu inaukuza, spika inagonga.

Basi mgongo upo ndani ya kila ampu ya aina hii. Ampu nzima ni ile ambayo mgongo huo haupati njia ya kufika kwenye gridi. Kazi yako ni kutafuta njia ilifunguka wapi.

Mgongo wa ti-ti-ti: kuufuatilia

Chomoa gitaa. Washa tremolo, Speed katikati, Intensity (nobu ya nguvu ya tremolo) juu. Sasa zungusha nobu moja moja na usikilize kwa makini.

Anza na Volume ya chaneli ya tremolo. Mgongo ukipanda na kushuka pamoja na Volume, au ukibadilika ukigusa Treble, unaingilia mapema, kwenye valvu ya pili au waya zake. Usipobadilika hata kidogo, unaingilia baada ya hapo.

Zungusha Reverb. Mgongo ukiifuata, unapitia nusu ya valvu ya nne inayopokea mwangwi kutoka kwenye springi.

Shusha Intensity hadi mwisho. Mgongo ukifa kabisa, unakuja kwa njia ya fotoseli au kwa waya wa Intensity wenyewe. Ukibaki vilevile, unarushwa na waya za neoni na osileta (sehemu inayozalisha mawimbi), au unatembea kwenye ethi na kwenye njia ya umeme mkubwa.

Halafu chomoa valvu ndogo moja moja, ukizima ampu kila unapochomoa. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote. Ukitoa valvu ya pili na mgongo ukaendelea, unaingia baada yake. Ukitoa ya nne na ukakoma, umeukamata kati ya hizo mbili. Ukitoa ya sita, ile ya 12AT7 inayogawa sauti kwa valvu mbili za nguvu, na bado unasikia mgongo, basi haupiti kwenye gridi za mbele hata kidogo. Angalia kepasita za chujio na bayasi.

Kwenye ampu ya yule kijana, Volume haikufanya kitu, Treble haikufanya kitu, Reverb vilevile. Intensity ilipunguza kidogo, haikumaliza. Valvu ya pili ilitoka, mgongo uko. Ya nne ilipotoka, kimya. Kumbe njia ilikuwa gridi ya nusu ya mwisho ya valvu ya nne, mahali sauti kavu na mwangwi vinapoungana kabla ya kwenda mbele. Bila kuchoma risasi hata tone moja, eneo la kutafuta lilishapungua kutoka ampu nzima hadi upana wa viganja viwili.

Ufito

Nina ufito mkavu wa mwanzi, urefu wa mkono mpaka kiwiko, ncha nimeikwaruza ikawa laini. Lazima uwe mkavu kweli, na usitumie kitu chochote chenye chuma. Ampu ikiwa inawaka na kugonga, unasukuma waya mmoja mmoja taratibu kwa ncha ya ufito na kusikiliza.

Waya za Speed na Intensity ndizo za kwanza. Zinatoka kwenye ubao zinakwenda paneli ya mbele, na kiwandani zililazwa kwa mpangilio, mbali na waya za toni na za gridi. Lakini miaka 50 na zaidi inatosha kwa mafundi wanne kupita humo, kila mmoja akivuta waya apate nafasi ya kuingiza pasi yake. Kwenye ampu hii waya wa Intensity ulikuwa umebadilishwa na mtu zamani, ukawekwa mrefu kupita kiasi, ukakunjwa, na mkunjo ukalala juu ya waya wa gridi ya valvu ya nne. Niliponyanyua mkunjo kwa ufito, ti-ti-ti ilishuka ikawa kama punje ya mchele inaanguka kwenye mkeka. Nilipouachia, ikarudi.

Hapo ndipo unapojua. Huhitaji kubahatisha.

Dawa ya waya ni hii: fupisha ulio mrefu, laza waya wa tremolo ugusane na chasi, kwa kuwa chuma ya chasi ni ethi na inameza sehemu ya mshtuko, funga waya za Speed na Intensity pamoja ziwe fungu moja, na pale ambapo lazima zivuke waya wa gridi, zivuke kwa kukata msalaba, si kwa kutembea sambamba. Waya mbili zikitembea sambamba kwa urefu wa kidole zinaambukizana kuliko zikivukana kwa nukta moja. Baadaye angalia waya zinazoingia kwenye kile kifuko cheusi. Miguu yake mirefu isiyo na ganda ivalishe mrija.

Unyevu wa pwani

Hili vitabu vya mafundi wa nchi za baridi hulipitia haraka. Sisi tunaoishi kando ya bahari lazima tukae nalo.

Ubao wa ampu hizi haukutengenezwa kwa plastiki ngumu kama wa redio za leo. Ni ubao mweusi wa nyuzi zilizogandamizwa, na nyuzi zinanyonya. Weka ampu chumba cha nyuma Shangani au Mikindani, masika mbili, upepo wa bahari ukiingiza chumvi, na ubao unaanza kupitisha umeme kidogo sana kati ya tundu na tundu. Kwa sehemu nyingine za ampu kiasi hicho si kitu. Kwa tremolo ni kitu, kwa sababu osileta na neoni zinatumia rezista za mega-omu nyingi, mojawapo ikiwa ya mega-omu 10. Ubao wenye unyevu unaweza kuwa na upinzani unaokaribia hapo, na unakuwa rezista usiyoiona, iliyounganishwa mahali ambapo hakuna mtu aliyeiunganisha.

Dalili zake: mgongo unakuwa mbaya asubuhi au wakati wa mvua na unapungua ampu ikishapata moto kwa saa moja. Spidi inayumba. Au kuna mkwaruzo mdogo kama karatasi inayokunjwa, unaokwenda na mapigo ya tremolo.

Kuthibitisha, ampu ikiwa inawaka na wewe ukiwa makini: mguu mweusi wa mita kwenye chasi, mwekundu uguse ubao wenyewe mtupu, si kwenye tundu lenye risasi, karibu na sehemu yenye volti kubwa. Ubao mzuri hauna kitu. Kwenye ampu ya Mikindani nilisoma volti 14 kwenye ubao mtupu. Ubao ulikuwa umelowa.

Nilizima, nikamwaga kepasita, nikausafisha kwa spiriti na mswaki laini kuondoa chumvi na mabaki ya dawa ya risasi, halafu nikaupulizia hewa ya moto kwa drayaa ya saluni ya jirani, kutoka mbali, robo saa, kupumzika, robo saa tena. Usisogeze drayaa karibu sana, ubao una nta ndani yake na itayeyuka. Baadaye chasi ililala siku mbili chini ya balbu ya wati 60. Volti 14 zikashuka zikawa chini ya moja.

Kuhifadhi: usiifunike ampu kwa nailoni, inafungia unyevu ndani. Kanga au shuka ya pamba inatosha. Na iwashwe. Ampu inayopigwa kila Jumapili inajikausha yenyewe, inayolala miezi sita inaoza.

Kama bado inagonga

Waya umeulaza, ubao umekauka, mgongo umebaki mdogo unaousikia ukiwa peke yako usiku. Badilisha valvu ya tano na nyingine ya 12AX7, hata ya kuazima kutoka tundu jingine la aina hiyohiyo kwenye ampu yenyewe. Valvu iliyochoka huvujisha kati ya kathodi na waya wake wa moto, ule unaoipasha joto, na uvujaji huo unaongeza kelele. Ni jaribio la dakika mbili.

Ikishindikana, weka kepasita ya 0.01 µF kati ya pleti (mguu wa kutolea) ya ile nusu ya valvu inayoendesha neoni na ethi. Hesabu yake ni hii: pamoja na rezista ya kilo-omu 100 iliyo kwenye njia ya neoni, kepasita hiyo inachelewesha mruko kwa kama elfu moja ya sekunde. Wimbi la tremolo la mara 5 kwa sekunde lina urefu wa sekunde 0.2, kwa hiyo tremolo yenyewe haijui kama kuna kilichoongezwa. Lakini ukali wa mruko umekatwa kona. Usizidishe ukubwa kwa tamaa, utaua tremolo.

Kepasita iwe ya volti 600 au zaidi. Huku Mtwara hutaikuta dukani kwa urahisi, na kuagiza Kariakoo ni kusubiri basi. Mimi nazichomoa kwenye ubao wa TV za chogo zilizokufa: zile bapa za kahawia au nyekundu zilizoandikwa 103 na 630V. Namba 103 ndiyo 0.01 µF. Zilizoandikwa 250V ziache hapohapo.

Nasisitiza hii iwe hatua ya mwisho. Kuna mafundi wanaianza. Inanyamazisha kweli, lakini inafunika waya mbovu na ubao uliolowa, na baada ya masika moja ampu inarudi.

Pum-pum nzito

Ampu isiyo na neoni haigongi, inadunda. Unasikia spika ikisukuma hewa, na ukiitazama unaweza kuona karatasi yake inaingia na kutoka.

Kwenye Princeton Reverb na ndugu zake, wimbi la tremolo linaingia kwenye valvu mbili za 6V6 kwa pamoja. Valvu hizo zinavuta transfoma ya kutolea sauti kutoka pande mbili zinazopingana, kama watu wawili wa nguvu sawa wanaovuta kamba: wote wakiongeza nguvu kwa wakati mmoja, kamba haiendi popote. Wimbi linafutika na spika haisikii kitu isipokuwa sauti ya gitaa kupanda na kushuka. Lakini mmoja akizeeka kuliko mwenzake, kamba inakwenda upande mmoja kwa kila wimbi. Hiyo ndiyo pum.

Kwa hiyo pima mkondo wa kila 6V6. Zikitofautiana sana, tafuta jozi inayolingana. Kabla hujanunua, zibadilishane nafasi kwanza, na upime rezista za gridi zao na kepasita zinazozilisha. Kepasita inayovuja inaweza kuipa valvu moja bayasi tofauti na mwenzake, na ukinunua jozi mpya ukaziweka hapo, utakuwa umeharibu mpya.

Sababu ya pili ni kepasita za chujio zilizokauka. Tremolo inapozifanya valvu za nguvu kula na kuacha kula, umeme mkubwa unashuka na kupanda, na chujio dhaifu linaruhusu mtikisiko huo kufika valvu za mbele. Kama ampu ina zaidi ya miaka 30 na kepasita hizo ni za kiwandani, badilisha tu.

Vibro Champ ni hadithi nyingine. Valvu yake ya nguvu ni moja, hakuna mwenzake wa kuvuta kamba upande wa pili, kwa hiyo mdundo mdogo ni sehemu ya maumbile yake. Mwambie mwenye ampu ukweli huo mapema.

Mngurumo unaopumua

Mara nyingine mteja anasema tremolo inanguruma. Uuu, uuu, uuu. Zima tremolo usikilize: mngurumo bado upo, umetulia tu. Basi tremolo haiuzalishi. Inaupandisha na kuushusha kama inavyofanya sauti ya gitaa, na sikio linakiona kitu kinachotembea kuliko kilichosimama. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mngurumo wa hezi 100, ulio juu kidogo na wenye mchanga ndani yake, ni wa kepasita za chujio. Ule mzito wa hezi 50 mara nyingi ni wa waya za moto wa valvu, ethi mbaya, au kebo ya gitaa. Tibu huo, na kupumua kutaisha.

Tremolo isiyoanza, au inayoanza kwa shida

Hii si kelele, lakini watu wanaileta pamoja nayo. Kwanza swichi ya mguu. Kwenye ampu nyingi za Fender za paneli nyeusi tremolo haiendi bila swichi kuchomekwa, na nimeshapokea ampu kutoka Lindi iliyosafiri njia yote hiyo ikiwa imeacha swichi nyumbani.

Ikiwa swichi ipo, angalia kepasita tatu ndogo za osileta. Zinashirikiana kugeuza wimbi, na moja ikivuja, wimbi haligeuki vya kutosha na osileta inakaa kimya. Angalia pia kepasita ya kathodi, 25 µF ya volti 25. Umeme ukishuka jioni nao unachangia: osileta dhaifu inayofanya kazi kwenye volti 230 inaweza kukataa kwenye 190.

Na kuna jambo la neoni nililochelewa kulijua. Neoni iliyozeeka inakuwa nzito kuwaka gizani, na ndani ya kifuko cheusi ni giza totoro. Inaruka wimbi moja, inakosa linalofuata, na mgongo unakuwa wa kubabaika, ti, titi, ti. Ukifungua ncha ya kifuko mwanga ukaingia na ikaanza kuwaka vizuri, umeshapata jibu: badilisha kifuko kizima. Usikiache wazi, maana fotoseli nayo itaona mwanga huohuo na tremolo itakosa nguvu.

Kurudisha ndani ya sanduku

Ampu ya Mikindani ilipokuwa juu ya meza ilikuwa kimya kama kisima. Kijana akaja na gitaa lake, nikairudisha chasi kwenye sanduku, nikafunga skrubu zote nne, nikawasha.

Ti, ti, ti.

Ilikuwa ndogo, lakini yeye aliisikia kabla yangu. Nikaitoa tena. Waya wa Intensity ulikuwa umeteleza chasi ilipogeuzwa, kwa sababu Deluxe Reverb inaning'inia kichwa chini ndani ya sanduku, na waya uliolala vizuri mezani unaning'inia ukishageuzwa. Nikaufunga kwenye fungu lake kwa uzi wa pamba uliopakwa nta, fundo moja karibu na ubao na jingine karibu na nobu, nikageuza chasi na kuitikisa mara kadhaa, kisha ndipo nikairudisha.

Tukaiacha inawaka saa nzima, tremolo juu, tukinywa chai. Halafu akapiga.